Kuifumua IC ya oda ya zamani: ihoji kwanza ikiwa nzima, asidi baadaye

Fungua bodi yoyote ya kompyuta au mashine ya gemu ya miaka ya 80, IC nyingi (vile vipande vyeusi vyenye pini, ndani vina saketi nzima) utazielewa fasta, 74LS hizi (IC za mantiki za kawaida za dukani), RAM zile pale, unasachi namba unapata datashiti maisha yanaendelea. Alafu kuna moja pale katikati ina pini 28 au 40, juu ina namba ambayo ukiisachi unakutana na watu wengine wanauliza swali hilohilo unalouliza wewe. Hiyo ndo IC ya oda. Kampuni ilienda kiwandani ikachorewa silikoni yake yenyewe, michoro ikabaki kwenye makabati yake, miaka ikapita, kampuni ikafa au ikauzwa, makabati hayajulikani yaliishia wapi, na kitu pekee kilichobaki chenye ukweli wote ni hiyo IC yenyewe.

Watu wakisikia habari ya kufumua chip, yaani kuichambua ujue ndani inafanya nini, mawazo yanakimbilia kwenye asidi, maikroskopu na zile picha za rangirangi. Ndo sehemu inayovutia, sikatai, na tutafika huko. Ila kwa anayeanza naona ni kuanzia mwisho, maana IC nyingi za zamani zinajibu maswali vizuri kabisa zikiwa nzima, kazi yako ni kujua kuuliza, na ukiuliza vizuri mara nyingi huhitaji hata kuipasua, na hata ukilazimika kuipasua utakuwa unajua unatafuta nini mle ndani badala ya kukodolea macho picha yenye maelfu ya mistari.

Kwa nini za zamani na siyo hii iliyomo kwenye simu yako? Ni hesabu tu. Intel 4004 ya mwaka 1971 ina transista (swichi ndogondogo za umeme) kama 2,300. MOS 6502 ya 1975, iliyoendesha Apple II, na ndugu zake wakaja kuendesha Commodore 64 na Nintendo ya kwanza, ina kama 3,500. Intel 8086 ya 1978 imefika kama 29,000. Chip ya simu leo ni mabilioni. Sasa 3,500 ni idadi ambayo mtu mmoja mwenye subira anaifuatilia yote mpaka ya mwisho, na ilibidi iwe hivyo kwa sababu hata wenyewe waliichora kwa mkono, mstari kwa mstari, hakukuwa na programu ya kuwachorea. Alafu kuna suala la ukubwa, mistari ya 6502 ni ya maikroni 8 hivi, na mwanga tunaouona una mawimbi ya maikroni 0.4 mpaka 0.7, kwa hiyo maikroskopu ya mwanga inaona kila kitu bila shida. Ukishafika kwenye chip za maikroni 1 kushuka chini picha inaanza kuwa na ukungu, na nyaya za chuma zinakuwa tabaka mbili tatu zimelaliana, ya juu inaficha ya chini. Mimi namshauri anayeanza abaki kabla ya mwaka 1985 hivi, huko mara nyingi kuna tabaka moja la chuma na kila kitu kiko wazi.

Jambo la kwanza kujua ni IC yako ni ya ukoo gani, maana siyo kila "IC ya oda" imeagizwa kwa namna moja. Kuna zile zilizochorwa kuanzia sifuri, kila transista imewekwa pale na mtu, mfano SID 6581 ya sauti ya Commodore 64. Kuna ukoo wa ULA, ambao Ferranti wa Uingereza ndo walikuwa wakali wake, hapa kiwanda kinatengeneza silikoni yenye vijisaketi vingi vinavyofanana kabisa halafu mteja anachagua tu vitaunganishwaje na waya za chuma za juu, ni kama nyumba za shirika zote zimejengwa sawa, tofauti ni fundi umeme alivyopitisha nyaya. Ndo maana Sinclair walitoka kwenye ZX80 yenye IC 21 wakaja na ZX81 mwaka 1981 yenye IC 4 tu, vikorokoro vyote vilimezwa na ULA moja, na mwaka uliofuata ZX Spectrum nayo ikaja na ULA yake. Alafu kuna ukoo wa tatu, PLA na jamaa zake, ambao siyo silikoni ya pekee hata kidogo, ni IC ya dukani iliyoandikwa ndani mantiki ya mteja kisha ikapigwa chapa ya namba ya mteja. Huu ukoo wa tatu ndo zawadi kwa anayeanza. Ina sura ya siri nzito, kumbe ndani ni jedwali la maswali na majibu.

Kabla ya kuichomoa kwenye bodi iangalie ikiwa hapohapo ilipo, maana bodi inajua mambo mengi kuhusu IC kuliko IC inavyojitangaza. Weka mita kwenye bazza, shika pini moja ya IC yako, tembeza waya wa pili kwenye majirani, andika kila inapolia. Pini hizi nane zimeenda kwenye data za RAM, basi hizo ni data. Hizi nne zimetoka kwenye anwani za juu za CPU, basi IC hii inahusika na kugawa ramani ya memori. Hii imeenda kwenye kristali, kuna kloki. Hii imeenda kwenye transista inayotoa picha kwenda kwenye TV, umeshajua IC inachora picha. Nusu saa ya bazza na karatasi inakupa majina ya zaidi ya nusu ya pini na hujawasha umeme bado.

Umeme wake utaupata hivyohivyo, tafuta pini zilizoungwa kwenye graundi ya bodi na kwenye laini ya 5V, na ile kapasita ndogo iliyosimama karibu na IC mara nyingi inakuonyesha zote mbili. Watu wamezoea kwamba graundi iko kona ya chini kushoto na 5V kona ya juu kulia, kwenye IC za 74 nyingi ni kweli, lakini usiibebe hiyo kama sheria. 6502 ina graundi pini ya 1 na ya 21 alafu 5V iko pini ya 8. SID 6581 ina pini 28, na hiyo ya 28 pale konani ni 12V, 5V yake iko pini ya 25. Ukiibandika kwa mazoea umeua kitu ambacho hakitengenezwi tena duniani, hapa sitaki masihara kabisa, pima kwenye bodi inayofanya kazi ndo uamini.

Sasa tuingie kwenye mfano wenyewe, na nauchagua huu makusudi kwa sababu una kila kitu anachohitaji anayeanza, PLA ya Commodore 64. Mashine ilitoka 1982, na tatizo lake lilikuwa hivi, CPU yake inaweza kuita anwani 64KB tu, lakini ndani kuna RAM 64KB, kuna ROM ya BASIC 8KB, ROM ya mfumo wenyewe inaitwa KERNAL 8KB, ROM ya maumbo ya herufi 4KB, kuna chip za picha na sauti, na bado mtu anaweza kuchomeka katriji. Vyote hivyo vinagombania anwani zilezile. Lazima awepo wa kuamua kwamba sasa hivi anwani hii ikiitwa ajibu nani, na huyo ndo PLA. Ndani yake ni Signetics 82S100 au nakala ya Commodore wenyewe, ina pini 28, ingizo 16, tokeo 8, zinabaki nne, graundi, 5V, pini ya 1 ambayo ni ya kuandikia kiwandani, na pini ya 19 ya kuiruhusu ijibu, unaishusha graundi. IC hii inajulikana kwa kufa na umri, mashine inawaka skrini nyeusi, kwa hiyo kuijua ndani kwake siyo starehe tu, ni namna ya kuokoa mashine.

Ingizo 16 maana yake maswali yote yanayowezekana ni 2 mara 2 mara 2 mpaka mara kumi na sita, yaani 65,536. Basi. Hakuna swali la 65,537. Chukua Arduino Mega, inafanya kazi kwa 5V na ina pini za dijitali 54, kwa hiyo unapata 16 za kuuliza na 8 za kusikiliza na zinabaki. Raspberry Pi Pico nayo inafaa ila yenyewe ni ya 3.3V, ukiiunganisha moja kwa moja na IC ya 5V unaiumiza, lazima uweke kibadilisha volti katikati. Kama bado huna uhakika pini ipi ni ingizo na ipi ni tokeo weka rezista ya 1k kwenye kila waya, hiyo inakulinda pale pini mbili zinapovutana moja ikisema juu nyingine ikisema chini, ukishajua upande unaitoa. Halafu programu ni fupi kuliko hata maelezo yake, hesabu kutoka 0 mpaka 65,535, kila namba iweke kwenye pini 16, subiri kidogo, soma pini 8, tuma kwenye kompyuta. Hata ukisubiri milisekunde nzima kwa kila swali, ambayo kwa IC hii ni muda mrefu sana, umemaliza kwa dakika moja na ushee, na mkononi una faili la baiti 65,536 ambalo ndo IC nzima. Hakuna kilichobaki kimejificha.

Jedwali lakini siyo uelewa, ni rundo la sifuri na moja, na hapa ndo kazi tamu inaanzia. Chukua tokeo moja moja. Tuseme tokeo la BASIC, ambalo linaposhuka sifuri ndo ROM ya BASIC inaamshwa. Hesabu ni mistari mingapi ya jedwali ina sifuri hapo, utakuta ni 256. Sasa 65,536 gawa kwa 256 unapata 256 ambayo ni 2 ya nane, na hiyo namba inakunong'oneza kitu, kwamba uwezekano mkubwa kati ya ingizo 16 ni 8 tu ndo zinazoamua na 8 nyingine tokeo hili haliwasikilizi kabisa. Hakikisha, geuza ingizo moja uache mengine vilevile, ulinganishe jedwali lote, kama jibu halibadiliki hata sehemu moja basi ingizo hilo halihusiki, litoe. Ukimaliza kuchuja unabaki na LORAM iko juu, HIRAM iko juu (hizo mbili ni nyaya za CPU za kuruhusu au kuzima ROM), A15 juu, A14 chini, A13 juu, CPU ndo yenye zamu na siyo chip ya picha, ni kusoma siyo kuandika, na waya wa GAME uko juu maana yake hakuna katriji inayoudai. Sasa soma zile tatu za anwani, 1, 0, 1, hizo ni anwani A000 mpaka BFFF (zimeandikwa kwa heksadesimali), ambako BASIC inakaa. Umeipata sentensi nzima aliyoiwaza injinia wa Commodore, "CPU ikisoma A000 mpaka BFFF na BASIC imeruhusiwa na katriji haijakataza, amsha BASIC", na umeitoa kwenye IC iliyokaa kimya zaidi ya miaka 40. Mimi hii hatua hainichoshi hata kidogo.

Ukifanya hivyo kwa matokeo yote nane una milinganyo ya IC nzima. Zipo programu za kupunguza mantiki, Espresso ni mojawapo ya zamani sana, unaipa jedwali inakupa milinganyo mifupi, lakini mara ya kwanza fanya tokeo moja kwa mkono, utaelewa programu inafanya nini.

Na ukitaka kuirudisha mashine kazini kuna njia maarufu, faili lako la baiti 65,536 linaingia bila kubaki na bila kupungua kwenye EPROM ya 27C512 (memori unayoiandika mwenyewe na haifutiki umeme ukizimwa), anwani zake 16 zinakuwa ingizo na data 8 zinakuwa tokeo, nayo ina pini 28 ila mpangilio ni tofauti kwa hiyo unahitaji kijibodi cha kubadilishia. Inafanya kazi kwenye mashine nyingi. Kwenye nyingine inasumbua, mashine inawaka vizuri alafu gemu fulani inaleta uchafu au katriji fulani inagoma, na mtu anarudi kukagua jedwali mara kumi na jedwali liko sahihi. Tatizo ni muda. PLA ya asili inajibu haraka, ndani ya makumi machache ya nanosekunde, na ingizo lisilohusika likibadilika tokeo linatulia palepale. EPROM yenyewe kila anwani inapobadilika inaanza kutafuta upya, na katika kutafuta huko tokeo linaweza kurukaruka kidogo kabla halijatulia, na kati ya matokeo nane kuna moja, CASRAM, linaloiamrisha RAM moja kwa moja, mruko mfupi tu hapo na RAM imeshika kitu kisicho chake. Kwa hiyo IC ina pande mbili, inajibu nini na inajibu lini, na jedwali linakupa upande mmoja. Ukishapata jedwali rudi na osiloskopu au lojiki analaiza yenye kasi, upime kuanzia ingizo lilipobadilika mpaka tokeo lilipofuata.

Haya yote yamewezekana kwa sababu PLA haina kumbukumbu. Ukiiuliza swali lile lile asubuhi na jioni jibu ni lile lile. IC nyingi haziko hivyo, na kabla hujaamini jedwali lolote lazima upime hili. Njia yake ni rahisi, pitia maswali yote kupanda kutoka sifuri, alafu yapitie kushuka, alafu yapitie ovyoovyo, ulinganishe majedwali matatu. Yakifanana mstari kwa mstari, kwa kila dalili ni mantiki tupu. Yakitofautiana usikimbilie kusema ina kumbukumbu, kuna kitu kingine kinachofanana nacho, pini iliyolala. Tokeo lingine likiwa halitumiki linajikata kabisa, haliko juu wala chini, na wewe unasoma upepo. Weka rezista ya 10k kutoka kwenye hiyo pini kwenda 5V usome, kisha ihamishie graundi usome tena, kama jibu linafuata rezista basi pini imelala, kama linabaki vilevile basi IC yenyewe inasema. Wanaoanza wengi wanazungukwa na hii pini iliyolala wakidhani wamekutana na siri kubwa.

Ikiwa kweli kuna kumbukumbu mambo yanabadilika. IC yenye vikumbukio 8 ndani ina hali 256, hiyo bado unaiweza, unaipeleka kwenye hali inayojulikana kwa pini ya riseti kisha unaipigia kloki moja moja ukiandika inavyohama. Yenye vikumbukio 20 ina hali zaidi ya milioni 1, na kuna kona ambazo hutafika bila kujua njia. Na kama ndani kuna kompyuta ndogo yenye ROM yake basi kuihoji kwa nje hakuna mwisho. Mfano mzuri ni ile chip ya kufuli ya Nintendo, NES ilipoingia Marekani mwaka 1985 ilikuwa na chip ndani ya mashine na mwenzake ndani ya kila katriji, zinaongea muda wote, katriji isiyojua kujibu mashine inajiriseti. Atari Games walitaka kutengeneza katriji zao bila ruhusa, wakaikwangua chip kwa kemikali wakaitazama kwa maikroskopu, na bado hawakuweza kuielewa yote. Kilichofuata siyo ufundi tena, mwanasheria wao akaenda ofisi ya hakimiliki ya Marekani akapata nakala ya programu kwa maelezo ya uongo. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikaliangalia suala hilo, na ilichosema ni cha muhimu kwetu sisi wa kufumua, kwamba kuichunguza chip yenyewe uliyoipata kihalali ili uielewe siyo kosa kwa sheria yao, kilichowaponza ni ile njia ya uongo na kunakili zaidi ya walichohitaji. Sheria ya Marekani ya 1984 ya kulinda michoro ya chip nayo inaruhusu waziwazi kuichambua kwa kujifunza. Nchi nyingine zina sheria zake, angalia za kwako kabla hujaanza kuuza kitu.

Sasa ndo tunafika ndani, pale ambapo kuhoji kumegoma. Na hapa naomba unisikilize kabla ya video. Plastiki nyeusi ya IC inayeyushwa na asidi ya naitriki kali au ya salfariki ikiwa moto, moshi wake unaharibu mapafu, tone lake linaharibu jicho, siyo kazi ya jikoni wala ya uani watoto wanapocheza. Kuitoa tabaka la kioo juu ya silikoni wanatumia asidi ya haidrofloriki, hiyo inapita kwenye ngozi bila kuuma sana mwanzoni alafu inashambulia kalsiamu ya mwili, watu wamekufa nayo. Anayeanza asiiguse. Kama una rafiki kwenye maabara ya chuo yenye chumba cha kuvuta moshi muombe afanye yeye.

Habari njema ni kwamba huhitaji asidi kuanza. Tafuta IC za kauri zenye kifuniko cha chuma juu, za kauri zilikuwa nyingi miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80, kifuniko kinabanduka kwa wembe na nyundo ndogo taratibu, na silikoni iko pale safi imekuangalia. Rahisi zaidi ni EPROM yenye kidirisha cha kioo, huhitaji kufungua chochote. Maikroskopu lakini siyo ile ya baiolojia ya shuleni inayopitisha mwanga kutoka chini, silikoni haipitishi mwanga, unahitaji ile ya madini ambayo mwanga unashuka kupitia kwenye lenzi yenyewe unagonga chip na kurudi. Unapiga picha nyingi zinazoingiliana kidogo, unaziunga na programu ya bure kama Hugin, unapata picha moja kubwa ya silikoni nzima.

Kuisoma picha ya chip za aina ya NMOS, ambazo ndo nyingi za wakati ule, kuna vitu vitatu tu vya kutambua. Mistari mipana inayong'aa ni alumini, ndo nyaya. Chini yake kuna mistari ya polisilikoni. Na chini kabisa kuna maeneo ya silikoni yenyewe iliyotiwa uchafu maalum ili ipitishe umeme. Polisilikoni inapokatiza juu ya eneo hilo, hapo ndo transista, basi, hakuna ishara nyingine, karibu makutano yote ya hivyo ni transista na polisilikoni ndo swichi yake. Anza na graundi na 5V, ni zile nyaya nene zaidi zinazotoka kwenye pedi za pembeni. Halafu tafuta transista ambazo upande mmoja uko kwenye 5V na swichi yake imeungwa kwenye mguu wake mwingine, hizo ni za kuvuta juu, kila geti (kijisaketi kinachofanya uamuzi mmoja wa mantiki) ina moja. Kutoka hapo shuka kwenda graundi. Ukikuta transista moja tu njiani, ni geti ya kugeuza. Mbili zimesimama sambamba, kila moja inaweza kuvuta chini peke yake, hiyo ni NOR. Mbili zimefuatana kwenye njia moja, lazima zote zikubali, hiyo ni NAND. Ukizijua hizo tatu una herufi za kuisomea chip yote, chora juu ya picha kwa rangi, kila tabaka rangi yake, na kila geti unayoielewa ipe jina palepale kabla hujasahau.

Hivyohivyo ndo kundi la Visual6502, Greg James na ndugu wawili Barry na Brian Silverman, walivyofanya na 6502 nzima, walipiga picha silikoni, wakachora kila umbo, na mwaka 2010 wakaonyesha mwigo wa chip kwenye kompyuta unaofanya kazi kwa kufuata transista zake halisi bila kujua lolote kuhusu maagizo ya CPU. Na ilijibu maswali ambayo hakuna datashiti iliyowahi kuyajibu, kwa mfano yale maagizo yasiyo rasmi ya 6502 ambayo watu walikuwa wanayakariri tu, sasa unaona waya gani mbili zinaamshwa kwa pamoja na kwa nini.

Kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha Ricoh 2A03, CPU ya Nintendo ya kwanza. Ni 6502 ndani, ila hesabu za desimali hazifanyi kazi. Miaka mingi watu wanajua tu kwamba haifanyi. Silikoni ilipopigwa picha ikaonekana saketi ya desimali ipo, haikuondolewa, imekatwa tu kwa kutoa transista tano. MOS walikuwa na hataza kwenye hiyo saketi, na wengi wanaamini ndo sababu. Kwa kuihoji kwa nje ungejua desimali haifanyi kazi, ila usingejua kwamba ipo na imekatwa. Zile TV game za kaseti zilizojaa madukani kwetu miaka ya 90 na 2000 ni uzao wa hiyo chip, za mwanzo zilikuwa na nakala kama UA6527 ya UMC ya Taiwan, zilizofuata zikaja na lile tone jeusi la epoksi, kwa hiyo ukoo huu mtu wa huku anaweza kuukuta kwenye boksi la takataka za fundi.

Wakati mwingine kinachotafutwa ndani ni ROM tu. Game Boy ya 1989 ilikuwa na programu ya kuwakia ya baiti 256, ile inayoshusha maandishi ya Nintendo kwenye skrini, na ikishamaliza inajizima yenyewe kiasi kwamba programu nyingine yoyote haiwezi kuisoma tena. Kwa nje huipati. Mwaka 2003 mtu anayejulikana kwa jina la neviksti aliifungua chip akasoma biti 2,048 kwa kuziangalia kwenye maikroskopu. 2,048 ni kazi ya wikiendi kwa jicho la mtu. Ila ujue siyo ROM zote zinaonekana, kuna ambazo biti zimewekwa kwa kubadilisha silikoni yenyewe bila umbo kubadilika, hizo zinahitaji kupakwa kemikali kwanza.

Kwa hiyo ukitaka kuanza wiki hii, usianze na IC ya ajabu. Mwambie mwenzako akubandikie mkanda juu ya IC ya kawaida ya 74LS138 akupe bila kukuambia ni nini, ila akuonyeshe 5V na graundi tu usije ukaiunguza. Pini 16, ingizo 6, tokeo 8, jedwali mistari 64. Ukikuta mistari 8 tu ndo ina tokeo moja lililoshuka na 56 zote ziko juu, na ukaweza kueleza kwa maneno ni pini zipi tatu zinachagua na zipi tatu zinaruhusu, mbinu yako iko sawa, bandua mkanda uhakikishe kwenye datashiti. Inayofuata ni 74LS74, hiyo ina kumbukumbu, uone majedwali yako matatu yanavyogombana. Ukizimaliza hizo mbili tafuta PLA au PAL (ndugu yake PLA) iliyotolewa kwenye bodi iliyokufa, na kwa PAL soma namba vizuri, 16L8 haina vikumbukio ila baadhi ya matokeo yake yanarudi ndani, 16R8 ina vikumbukio nane. Baadhi ya waliozitumia walikata fyuzi ya usalama ili usisome kilichoandikwa, lakini hiyo fyuzi inazuia kusoma tu, haizuii kuuliza.